Imesomwa

Kazini tulimwita Mkuu, na hapa nitamwita hivyohivyo. Jina analo na ukoo anao, lakini hayo ni ya kwao. Mie ninachokijua ni miaka tisa niliyokaa meza ya tatu kutoka yake, ghorofa ya pili pale Kurasini, madirisha yakitazama malori na makontena. Alikuwa kiongozi wetu sie tuliokuwa tunatengeneza mifumo ya kompyuta kwa ajili ya yadi na mawakala wa forodha. Na kabla sijasema jema lake hata moja, niseme hili: mtu huyu nilimdanganya mara moja, kwa maneno mawili matatu, akayaamini, na yakamharibia kitu ambacho sikujua kwamba kinaweza kuharibika. Nimelikalia jambo hilo miaka sita. Ukiniona huko mbele namsifu mno, ujue roho inanisuta.

Usimfikirie yule mtu wa kompyuta wa kwenye matangazo, mwenye viatu vyeupe na kikombe cha kahawa mkononi. Mkuu alivaa shati la mikono mifupi lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na Ijumaa kanzu. Miwani yake mkono mmoja ulishikwa kwa uzi. Simu yake ilikuwa kitochi cha vitufe. Wafanyakazi wapya walidhani ni mtunza stoo, mpaka wamsikie akimwambia mtu, kwa upole kabisa, ni mstari gani wa programu yake utakaoanguka na kwa nini. Nyumbani kwake Chamazi hakuwa na intaneti. Siku moja nikamuuliza, Mkuu, wewe ndiye wa kukosa intaneti nyumbani? Akasema, "Muuza nyama hulala kwake, halali buchani." Kisha akaendelea kumenya karanga zake.

Alikuwa anasoma. Sijui nisemeje ili uelewe. Watu wengi wanasema wanasoma, na wana vitabu viwili juu ya kabati kwa ajili ya wageni. Mkuu alisoma chochote chenye herufi. Alisoma vikaratasi vya ndani ya boksi la dawa, hata dawa isiyokuwa yake. Friji la ofisi liliponunuliwa, alisoma kitabu chake chote, akatuita kutueleza kwamba tunalifunga vibaya. Kwenye droo yake kulikuwa na riwaya za Kiswahili zilizochakaa, kitabu cha ufugaji wa nyuki, cha kutunza figo, na kimoja kikubwa cha hesabu ambacho alikuwa anakirudia kila mwaka, kurasa chache chache, midomo ikichezacheza. Alisoma polepole. Nilikuwa nikimaliza kurasa tano yeye yuko kwenye mbili, halafu mie ndiye nisiyekumbuka kitu.

Aliazima vitabu kwa mtu yeyote, ila kwa sharti. Ukikirudisha, lazima ukurasa wa mwisho uwe umeandika swali moja kwa kalamu ya wino. Kitabu kilichorudi bila swali alikihesabu kimekwenda kutalii. Mie cha kwanza nilikirudisha kitupu, nikasema, Mkuu, ni kizuri sana, nimekipenda. Akakishika, akafungua mwisho, akafunga, akanirudishia. "Hujakipenda, umekipitia tu. Nenda kakae nacho." Nilichukia. Nilikuwa binti mwenye shahada, na huyu mzee ananifanya mtoto wa darasa la nne. Nikakaa nacho mwezi mzima kwa hasira, na nilipoandika swali langu hatimaye, alilisoma mara mbili, akaandika jingine chini yake, akakirudisha kwangu tena. Kitabu hicho kilikwenda na kurudi kati yetu mpaka gamba likatoka.

Alikuwa akisema programu nayo ni maandishi, na anayeandika hajui nani atakuja kuisoma, kwa hiyo aandike kwa heshima. Lakini huyuhuyu msomaji wa vikaratasi vya dawa hakusoma barua pepe iliyozidi mistari mitano. Alikuja mpaka mezani kwako, akavuta kiti. "Umeniandikia gazeti. Hebu niambie."

Neno "sijui" alilipenda. "Sijui ni jibu," alisema. "Neno nadhani ndilo linalotuua." Na ukimwambia "nakaribia kumaliza" uso wake ulibadilika. Mtu mpole yule, mwenye sauti ya chini, nilimwona akimgeukia mwenzetu mmoja aliyekaribia kumaliza kwa wiki tatu, akamwambia mbele za watu, "Bwana, wewe hukaribii. Umepotea, na unaona haya kuuliza njia." Kisha akamwongoza pembeni, wakakaa pamoja mpaka adhuhuri, na kazi ikaisha. Alikuwa na ile methali ya mficha uchi hazai, na aliitumia kwa makosa ya kompyuta mpaka tukaizoea, hata mabinti wa mapokezi.

Alitufundisha maisha pia, tukitaka tusitake. Jumatatu asubuhi aliuliza nani hajampigia mama yake. Likizo alitulazimisha, akisema mashine tu ndiyo haina kwao. Ya kwake hakuna aliyekumbuka lini aliichukua mara ya mwisho. Siku moja mchana mlango wa ofisi ulifunguliwa, akaingia binti aliyevaa joho la mahafali, kofia mkononi, jasho likimtiririka. Alikuwa Rukia, mwanawe wa pekee. Akasimama mbele ya meza ya baba yake, akasema, "Baba, nimekuja unione." Mkuu alivua miwani. Alikuwa amesahau. Alisimama, akatuomba na sie tusimame, tukasimama wote, Bi Hawa na birika lake mkononi, hakuna aliyejua afanye nini, mpaka Bi Hawa akapiga vigelegele. Rukia akacheka huku analia. Jioni ile Mkuu hakutoa nasaha yoyote, na Jumatatu iliyofuata hakuuliza habari za mama wa mtu.

Bi Hawa huyu inabidi nimweleze, maana bila yeye sitamaliza. Ndiye aliyetupikia chai na kufagia ofisi. Mama wa makamo wa Mbagala, mtoto wa mjini hasa, kompyuta hakuwahi kuigusa ila kuifuta vumbi. Na kwetu hakuna programu iliyokwenda hewani bila ya yeye kusomewa.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wa Mkuu, na ndio uliomfanya ajulikane Kurasini nzima, wengine wakimsifu, wengine wakimcheka. Ukimaliza programu yako, ulisimama mbele ya Bi Hawa, huna karatasi, huna kompyuta, ukamweleza kwa Kiswahili kitupu inafanya nini kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukichomeka neno la Kizungu, Bi Hawa aliinua kidole. Akiuliza swali ukakosa jibu, ulirudi kukaa, hata kama mteja anasubiri. Akiridhika alisema, "Haya, imeingia." Mkuu alikuwa hapohapo, au akiwa na kazi nyingine ulikwenda kumwambia. Naye alifungua daftari la kazi, akaandika neno moja, Imesomwa, akatia sahihi.

Kuna kaka mmoja alikuja amesoma ng'ambo, kijana mzuri, ila alijisikia. Alitengeneza mfumo wa kumpa dereva wa lori zamu yake ya kuingia yadi kwa ujumbe wa simu. Akasimama mbele ya Bi Hawa, mkono mmoja mfukoni, akaeleza vizuri sana. Bi Hawa akamsikiliza, jicho moja amelifumba kidogo. Akauliza, "Na dereva akiwa kabadilisha laini?" Kaka akasema atakuwa na namba yake ya zamani. "Mwanangu, kaitupa. Kapata laini mpya njiani, ya zamani kaitupa. Sasa zamu yake ataijuaje?" Kaka akatoa mkono mfukoni, akarudi kukaa. Mkuu hakucheka, ila sie tulicheka kwa niaba yake.

"Wasomi wakikaa peke yao," aliniambia mchana ule, "wanaulizana maswali ya kisomi. Lori linakwama kwa swali la kawaida." Na Bi Hawa mwenyewe alilichukulia jambo hili kwa uzito wote. Siku ya kusomewa alivaa khanga mpya. Niliwahi kusikia anamkatalia mtu kwenye simu: kesho siji kwenye arusi, kesho nasomewa.

Haya yote Mkuu alikuwa anayaandika. Alikuwa na kauntabuku za jalada gumu, saba au nane, kwa mwandiko wa kulala, wino wa buluu. Humo mlikuwa na mambo ya kazi, mambo ya vitabu, maswali ya Bi Hawa na siku alipoyauliza, ugomvi wake na Rukia, namna ya kumwambia mtu kazi yake ni mbaya bila kumvunja. Alitaka kiwe kitabu. Hakutaka cha wakubwa, alitaka cha vijana wanaoanza kazi wakidhani kazi ni mashine tu. Akistaafu, alisema, atakizungusha mwenyewe kwenye vyuo, na popote atakapokwenda atawaambia watafute Bi Hawa wao. Aliwahi kunisomea ukurasa mmoja wakati wa chakula, ulikuwa unahusu kusikiliza, na nilisahau ubwabwa wangu ukapoa. Nilimwambia kikitoka nataka cha kwanza. Akasema, "Utakirudisha na swali."

Sasa niseme la kwangu.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, zile siku za mwisho ambazo watu wanaulizana kutwa nzima, Idi kesho au keshokutwa? Nilikuwa nimepewa kazi ndogo, ndogo ya kudharaulika. Yadi ilitaka mfumo wake wa zamu ujifunge wenyewe siku za sikukuu, geti lisifunguke, madereva wapewe zamu ya siku inayofuata. Nikaitazama kalenda ya ukutani, ile wanayogawa wauza matairi. Idi ilikuwa imeandikwa Jumatano kwa wino mwekundu. Chini yake kulikuwa na maneno madogo kwamba sikukuu hutegemea kuandama kwa mwezi. Niliyaona. Mie ni mtoto wa Makete, kwenye baridi ya milimani, Mlutheri, Idi kwangu ni pilau ya majirani, lakini nani anaishi Dar asijue kwamba Idi haipangwi na wauza matairi? Nilijua vizuri sana, nilikuwa na haraka tu. Nikaandika Jumatano na Alhamisi, nikaifukia tarehe ndani mahali ambapo mwenzangu asingefikiria kuitafuta, nikaweka na maneno ya kutokea kwenye skrini ya getini: Yadi imefungwa. Idi Mubaraka kwako na familia yako. Nikajiona mtu mwema.

Bi Hawa alikuwa ameshaondoka. Ramadhani hakukuwa na chai, akimaliza kufagia aliwahi Mbagala kupika futari. Ningeweza kumsubiri kesho yake. Mkuu alikuwa anavaa viatu kwenda kuswali alasiri. Akaniuliza, "Mtu wa baridi, ile ya sikukuu umemsomea Bi Hawa?"

"Nimeshamsomea, Mkuu."

"Kaelewa?"

"Kaelewa."

Hakunitazama hata usoni, maana hakuwa na sababu. Aliinama, akaandika Imesomwa, akatia sahihi, akaenda zake msikitini. Ningesema hapana, angesema basi kesho. Hakuna kitu kilichokuwa kinaungua.

Jumanne ile mwezi haukuonekana. Ikatangazwa kwamba watu watimize thelathini, Jumatano ni siku ya kazi kama kawaida. Mie sikusikia tangazo, nililala mapema. Na asubuhi yake, aibu iliyoje kuisema, nilikuwa nyumbani Kinyerezi nafua nguo, simu naichaji chumba kingine, kwa sababu nilikuwa nimeiamini kalenda yangu mwenyewe. Nilipokwenda kuitazama, saa tano, nilikuta wamenipigia mpaka wamechoka. Geti la yadi halikufunguka tangu asubuhi. Wenzangu walikuwa wanaitafuta tarehe niliyoifukia, hawaioni. Nilipowasha kompyuta niliirekebisha kwa muda mfupi tu, lakini malori yalikuwa yameshapanga foleni mpaka barabara kubwa, na hakuna aliyejua nani anamtangulia nani.

Nilifika Kurasini mchana. Mkuu alikuwa amekaa kwenye kreti la soda lililogeuzwa, nje ya geti, juani, siku yake ya thelathini ya kufunga, anaandika zamu kwa mkono kwenye vipande vya karatasi. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Dereva mmoja, naye amefunga, alimwinamia akamwambia, "Mzee, kompyuta yenu tangu asubuhi inatutakia Idi, na sie tuna njaa." Watu wakacheka, ila si kicheko cha furaha. Mkuu akasema, "Tuwie radhi, baba. Hilo ni letu." Akampa karatasi yake. Nilichuchumaa karibu naye nikawa namsomea namba za malori, yeye anaandika. Mkobani nilikuwa na chupa ya maji. Sikuthubutu kuifungua.

Mteja mmoja mkubwa alihamishia mizigo yake yadi nyingine, na mwenye yadi akataka kujua nani wa kulaumiwa. Kikao kilikaa baada ya sikukuu. Akauliza nani alipitisha. Mkuu akalisogeza daftari la kazi mbele yake. "Sahihi ni yangu." Yule akasema sahihi ni karatasi, aliyefanya ni nani? Mkuu akasema, "Binti alifuata utaratibu wote. Utaratibu ndio ulioshindwa, na utaratibu ni wangu." Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Nikajiambia, akimaliza kuongea nitasema. Alimaliza. Nikajiambia, tukitoka nje nitasema. Tukatoka. Nilidhani ananikinga, nikamshukuru moyoni, nikanyamaza.

Baada ya hapo hakuuliza tena mtu kama amemsomea Bi Hawa. Hakuufuta utaratibu kwa tangazo, aliuacha tu ukafa. Akaandika Imepimwa badala ya Imesomwa, kama ofisi nyingine zote. Na kwa Bi Hawa akawa na adabu mpya, ya mbali, ya kusema ahsante kwa chai na basi. Kumuuliza habari za ile siku hakumuuliza, nadhani aliona ingekuwa kama kumtwisha lawama mama wa watu. Siku moja Bi Hawa alinikuta peke yangu jikoni. "Mwanangu, mbona siku hizi hamnisomei? Kuna mtu nimemkosea?" Nikasema hapana, Bi Hawa, kazi zimekuwa nyingi. Akasema haya. Akachukua vikombe, akaenda kuviosha.

Mwisho wa mwaka Mkuu aliaga kazi. Tulimnunulia keki, akaisoma maandishi yake kwa sauti, akatuambia kuna herufi imekosewa, tukacheka, akaondoka na boksi la vitabu. Bi Hawa naye baadaye aliacha kazi, akaenda Kilwa kwa binti yake. Namba yake ninayo mpaka leo. Mie nikahamia ofisi nyingine, na sasa ni mie ninayeitwa mkuu, kwa herufi ndogo. Nawaambia vijana wangu sijui ni jibu. Nawaambia muuza nyama halali buchani. Wananiona nina hekima, na hawajui kwamba kila neno nimeliokota mezani kwa mtu niliyemwacha abebe lawama peke yake. Nammiss kiasi kwamba nikipata kitabu kizuri namaliza na kalamu mkononi, nimeandika swali, sina wa kumpelekea. Ningeweza kwenda wakati wowote, kutoka Kinyerezi mpaka Chamazi si safari ya kuandikia wosia. Lakini nilijua nikikaa mbele yake itanibidi niseme, na ngoja ngoja ikawa miaka.

Kilichonipeleka ni mkewe. Nilikutana naye sokoni Mbagala, ananunua dagaa. Nikamwamkia shikamoo mama, akanikumbuka, tukasalimiana sana. Nikamuuliza Mkuu hajambo? "Mzima," akasema. "Anafuga kuku. Ila hasomi tena." Nikadhani macho. "Macho mazima kuliko ya kwangu. Hasomi tu. Rukia akimletea kitabu anakiweka." Alisema kwa sauti ya kawaida, akichagua dagaa, kisha akaniangalia. "Njoo umwone, mwanangu. Nyie alikuwa anawapenda."

Nilikwenda Jumamosi. Nilimbebea matufaha ya kwetu Makete, mfuko mzima. Siku ile Chamazi kulikuwa na mpira, watu wanapita na jezi wakielekea uwanjani, na yeye alikuwa barazani kwake anachanganya chakula cha kuku kwenye beseni, shati limekunjwa mikono. Amekonda. Nikasema shikamoo, Mkuu. Alinyanyua uso, akatabasamu kwa meno yote. "Marhaba. Mtu wa baridi. Mama Rukia, njoo uone nani kaja." Tukaletewa maji, tukaletewa chai. Akaniuliza habari za mama yangu, ingawa haikuwa Jumatatu. Nikaona nikichelewa tena nitakunywa chai yote na kuaga.

"Mkuu, ile programu ya Idi sikumsomea Bi Hawa."

Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni. "Hukumsomea vizuri?"

"Sikumsomea kabisa. Alikuwa ameshakwenda kupika futari. Nilikwambia nimemsomea. Nilikudanganya."

Alitoa mikono kwenye pumba, akaipangusa, kidole kimoja kimoja. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kisahani cha kashata, akabaki amesimama.

"Mie nilijua alisomewa," akasema. Akasogeza beseni pembeni. "Nilijua alisomewa, na hakuuliza. Jambo ambalo kila mtu Mbagala analijua hata usingizini. Nikasema, kama Bi Hawa amesikia habari ya Idi na hakuuliza habari ya mwezi, basi alikuwa hasikilizi. Labda siku zote alikuwa hasikilizi, na sie tunajipumbaza. Nikasema, nimewasimamisha watoto wa watu miaka yote hiyo kwa kitu kisichofanya kazi."

"Kilifanya kazi, Mkuu. Angeuliza. Angeuliza swali la kwanza kabisa."

"Angeuliza," akasema.

Nikamuuliza kauntabuku ziko wapi. Nilifikiri, na nilifikiri hivyo kweli, kwamba angalau zipo, kwamba sasa atazitoa. Aliyejibu ni mkewe, kutoka mlangoni. "Alimpa jirani anayekaanga mihogo, afungie. Nilimwambia asizitoe. Tulikuwa tunanunua mihogo, narudi nayo nyumbani, nakuta mwandiko wake una mafuta." Akaniangalia, na macho yake hayakuwa yale ya sokoni. "Binti, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Nililia, nikaomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nimeyapanga na mengine ambayo sikuyapanga. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea. Kisha akasema, taratibu, "Mwanangu, nenda nyumbani. Umekuja na matufaha, umeniamkia vizuri, umekaa barazani kwangu. Nikikusamehe sasa hivi nitakuwa nakusamehe kwa adabu tu. Uongo mmoja kati yetu unatosha."

Nikanyanyuka. Nikadhani ataniacha niende, lakini kwa hao watu wa Pwani mgeni hatoki peke yake, hata mgeni wa aina yangu. Alivaa kandambili, akanisindikiza. Tulipita kwenye watu wa mpira. Uwanjani walishangilia bao, akasimama akasikiliza, akaendelea kutembea. Tulipofika barabarani nikasimamisha bajaji, nikamwambia, Mkuu, nije tena lini? Niambie nifanye nini, chochote.

Alikuwa anatazama barabara. "Mie nina wa kunisemea, nina mke, nina Rukia. Bi Hawa, mama wa watu, nimemwona mjinga miaka sita, na hajui kosa lake ni lipi." Akamwelekeza dereva wa bajaji ageuze vizuri, asinipitishe kwenye mashimo. Kisha akanigeukia.

"Namba yake unayo?"

"Ninayo, Mkuu."

"Anza na yeye."